Mganga hajigangi: nani abebe jukumu la miili ya wahudumu wa afya Uganda?

Tangu mwaka 2018 Uganda ina siku ya kitaifa ya mazoezi, na kila inapofika Wizara ya Afya huwahimiza watu wavae raba watoke nje. Kwenye vyumba vya chai vya hospitali siku hiyo huamsha mjadala usiokwisha. Nimeusikia Kampala, na nimeusikia zaidi Ishaka, kule Bushenyi magharibi mwa Uganda, ambako Wakenya na Watanzania wanaosomea udaktari, uuguzi na ufamasia wamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya bweni na ya mgahawa. Upande mmoja husema mhudumu wa afya anayemshauri mgonjwa wa presha apunguze uzito, ilhali yeye mwenyewe hapandi ngazi bila kuhema, hana uso wa kutoa ushauri huo. Upande wa pili hujibu: mpeni kwanza usingizi na chakula, kiuno chake tutakizungumza baadaye.

Wahenga walishasema mganga hajigangi, na wengi huichukua methali hiyo kama ruhusa ya kuliacha jambo lilivyo. Mimi siwezi. Hawa ndio wanaozalisha dada zetu na kutushona tukianguka na bodaboda, na wapo walioanza kumeza vidonge vya presha kabla ya kufika miaka 40. Hilo halinipi raha, na nataka tujue tatizo liko wapi hasa.

Nianze na hoja ya wajibu wa mtu binafsi, kwa sababu ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyotaka kukiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Ukigawanya, ni kama dakika 22 kwa siku, na hazihitaji jimu. Aprili 2020, baada ya kupiga marufuku watu kukimbia kwa makundi barabarani kwa sababu ya korona, Rais Museveni, akiwa na miaka 75, alijirekodi ofisini mwake akikimbia na kupiga pushapu 30. Siasa zake kila mtu ana maoni yake, lakini nchi nzima iliona kwamba chumba kimoja kinatosha. Na anayeishi Kampala ana vilima vya bure: shuka kutoka Mulago hadi Wandegeya, panda Makerere, rudi, mapafu yatakuwa yamefanya kazi.

Isitoshe, mhudumu wa afya hawezi kusema hakujua. Anayesafisha kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari kila asubuhi anaijua sukari kwa harufu. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 hubeba gramu 30 za sukari na zaidi, na hiyo tayari imevuka gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaziona kuwa kiwango kizuri zaidi kwa siku nzima. Muuguzi analifahamu hilo, analifundisha kliniki, kisha anaifungua chupa saa nane mchana.

Utetezi wa kwanza utakaousikia ni huu: "Sisi tunatembea kutwa, wodi ndiyo mazoezi yetu." Hapa pana sayansi ya kupendeza. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi, na makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Muuguzi wa wodi yenye vitanda 40 anaweza kujiona kondakta. Lakini mwaka 1956 Morris na wenzake walichunguza vipimo vya sare za wafanyakazi haohao, wakakuta madereva walivaa suruali za viuno vipana tangu walipokuwa vijana wapya kazini. Kumbe sehemu ya tofauti waliingia nayo. Halafu mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Copenhagen uliofuatilia zaidi ya watu 100,000: waliofanya mazoezi wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya kuugua moyo na kufa mapema, ilhali waliotoka jasho jingi kazini hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Maelezo yanayotolewa yanaingia akilini. Kazini mtu husimama kwa muda mrefu, huinua vitu vizito, hupiga hatua chache akasimama tena, na hapati nafasi ya kupumzika. Presha hukaa juu kwa saa nyingi, lakini mapigo ya moyo hayapandi kiasi cha kuujenga.

Kwa hiyo kutembea wodini si mazoezi. Wanaodai wajibu wa mtu binafsi nawapa hapo, ingawa utafiti huohuo unawaumbua: mwili unaotoka kazini umechakaa, si kwamba umelegea tu. Dakika 22 za mtu aliyekaa ofisini na dakika 22 za mkunga aliyesimama kwa muda wa saa kumi na mbili hazigharimu sawa.

Usiku ndio unaokoleza mambo. Zamu imeanza saa mbili, sasa ni saa saba, kantini ilishafungwa. Katika hospitali nyingi za serikali wagonjwa wenyewe hulishwa na jamaa zao wanaopikia uani kwa sigiri, kwa hiyo jiko la kumlisha muuguzi usitarajie. Kilicho wazi ni meza ya rolex nje ya geti. Kijana anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatia kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, anakoroga na chumvi, anamimina kwenye kikaango kinachong'aa mafuta, analaza chapati juu, anageuza, anakunja. Dakika tano, moto, bei nafuu, na kinashibisha. Sina ugomvi na rolex, ni chakula kizuri. Ila kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na hapo mafuta yamo kwenye unga, kwenye kukaanga chapati, na kwenye kukaanga mayai. Mwanafunzi mwenye hela kidogo atachukua kikomando, chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage. Kisha wote watateremshia chai ya sukari nyingi ili wasisinzie.

Mwili wa saa saba usiku haushughulikii sukari kama wa saa saba mchana. Na aliyekosa usingizi njaa yake imebadilika. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana wa kiume 12 wenye afya. Walipolala muda wa saa nne tu kwa usiku mbili, leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayoamsha njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Wakatamani hasa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Ni vijana wachache na ni maabara, sitaki kuukuza kupita kiasi, lakini ukiuweka karibu na ile meza ya rolex unaona kwamba nia njema ya mtu inapigana na damu yake mwenyewe. Anayemwambia muuguzi wa zamu ya usiku "jikaze" hajui anachomwagiza.

Kuna jambo jingine la hapa hapa Uganda ambalo mijadala ya kigeni kuhusu uzito hailigusi. Mwaka 1985 madaktari, David Serwadda miongoni mwao, walieleza kwenye jarida la The Lancet ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, kusini mwa nchi, kwa kuwakondesha, ambao wananchi walikwisha kuuita slim. Ulikuwa UKIMWI. Kizazi kizima kilijifunza kusoma kifo kwenye mashavu yaliyobonyea, na jicho hilo halijafumba. Muuguzi akipungua kilo kadhaa kwa juhudi zake, wa kwanza kukutana naye atamuuliza kwa huruma, "Musawo (yaani daktari), unaumwa?" Wa pili hatauliza, atawauliza wengine. Akinenepa huambiwa amependeza, kazi imemkubali. Ankole, ambako ndiko Ishaka iliko, Wahima, wafugaji wa huko, walikuwa wakiwanonesha wasichana kwa maziwa kabla ya ndoa, na bibi zetu wa huko hawaoni ubaya wa mwili uliojaa. Kwa hiyo tunapomtaka mhudumu wa afya awe mfano, tunamtaka pia abebe minong'ono ambayo mhasibu wa benki haibebi.

Na mzigo huo huwaangukia zaidi wanawake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 24 ya wanawake wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, dhidi ya asilimia 9 ya wanaume. Uuguzi na ukunga umejaa wanawake. Uganda tuko kwenye ikweta, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, zamu ya mchana inaingia saa mbili. Anayetaka kukimbia kabla ya kazi atakimbia gizani. Mwanamume atatoka tu, ila dada peke yake barabarani atafikiri mara mbili, na nyumbani kuna watoto wa kuandaa shule.

Baada ya kuyapima yote haya naona pande zote mbili zinabishana juu ya mizani, wakati kazi ya hospitali inadai kitu kingine: pumzi na nguvu. Moyo wa mgonjwa ukisimama, unatakiwa kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Miongozo inasema wanaobonyeza wapokezane kila baada ya dakika mbili, kwa sababu hata mwenye nguvu hulegea bila kujijua. Sasa fikiria wodi ya usiku yenye muuguzi mmoja na mwanafunzi mmoja. Nani atampokea nani? Fikiria kumgeuza mgonjwa wa kilo 90 aliyetoka upasuaji. Hapo mapaja, mgongo na pumzi ni sehemu ya taaluma, sawa na kujua dozi. Muuguzi mnene anayeweza kazi hiyo simdai chochote. Daktari mwembamba anayeishiwa pumzi dakika ya kwanza namdai. Na mgonjwa wa kisukari anahitaji ushauri sahihi kutoka kwa mtu asiyemdhalilisha. Sidhani kiuno cha mshauri kinaongeza au kupunguza kitu hapo.

Ndiyo maana wanafunzi nawatazama tofauti na walioajiriwa. Shahada ya udaktari ni miaka mitano kabla ya mwaka wa utarajali, na miaka ya mwanzo ni ya kukaa: ukumbini, maktaba, kitandani na madaftari. Ratiba inabana, lakini jioni bado ni yako. Anayepanga chumba chenye mahali pa kupikia, akachemsha maharage ya siku tatu na kununua mboga za majani kama dodo na nakati sokoni, ameshaokoa pesa na mwili. Anayetafuta mwenzake wa kutembea naye jioni ameshamaliza tatizo la kutembea peke yake. Kwa mwanafunzi naegemea wajibu wa mtu binafsi bila kusita, kwa sababu mwaka wa utarajali hautampa nafasi ya kuanza tabia mpya. Mbio za Novemba za Kampala au zile za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani ni jambo jema, nunua fulana, lakini siku moja haijengi moyo.

Kwa aliyeajiriwa naegemea upande wa pili. Najua jibu litakalotolewa: watumishi hawatoshi. Ni kweli. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na Uganda iko chini yake kwa mbali, huku madaktari tarajali wakigoma mara kwa mara kudai posho. Nani atazungumzia chakula cha usiku? Lakini si kila kitu kinadai bajeti. Kupanga zamu zisonge mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, badala ya kurudi nyuma, huusaidia mwili kuzoea, na matroni anaweza kufanya hivyo kwa penseli. Pale ambapo watu wanapatikana, usiku usizidi mitatu mfululizo. Sufuria moja ya maharage na matooke iliyopikwa jioni, ikaliwa kabla ya saa sita, ni gharama ambayo hospitali na wafanyakazi wanaweza kuchangiana.

Siku hizi nasikia pia pendekezo la kuwapima uzito wafanyakazi wa afya kila mwaka na kuweka matokeo kwenye faili la kazi. Hilo nalipinga. Presha na sukari wapimwe, kwa siri, na majibu yabaki kwao na daktari wao. Uzito ukishaingia kwenye faili utatumika kumnyima mtu cheo, na wa kwanza kuumia atakuwa mkunga aliyezunguka zamu za usiku miaka kumi. Kama mwajiri anataka takwimu, aanze na zake: kila idara ilipanga usiku mingapi mfululizo, na wangapi walipata nafasi ya kula.