Uzio Uliofungwa kwenye Mnazi wa Bibi

Anayetaka kuweka uzio upande wa Mwambani, katika jiji la Tanga, hana budi kujua kwamba udongo wa huko umewekwa juu kwa ajili ya heshima tu: ukichimba shubiri mbili unakutana na mwamba wa matumbawe, ambao ulikuwa chini ya bahari kabla ya babu zetu wote na hauoni sababu ya kumpisha mtu mwenye sururu. Fundi wangu alipoukita mtaimbo kwa mara ya kwanza, mtaimbo ulirudi juu, yeye akarudi nyuma, na mashimo tuliyokubaliana yawe ya futi mbili yakaanza kupungua kina kadiri jua lilivyopanda. Kufikia adhuhuri alikuwa akinieleza kwamba nguzo ya zege haihitaji shimo refu, kwa sababu yenyewe ni nzito.

Zege halikuwa chaguo letu la kwanza. Boriti za mikoko siku hizi hazikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na fundi aliponinong'oneza kwamba anamfahamu mtu anayezileta usiku, nilimjibu kwamba sitaki uzio unaotembea usiku. Miti ya mkonge ilikuwepo tele, maana mkoa huu umeishi na zao hilo tangu Mjerumani Hindorf alipolileta mwaka 1893, lakini mchwa wa mtaa wetu nao hawakuwa wamelala muda wote huo. Tukabaki na nguzo za zege, wavu wa chuma wa futi sita, na mistari miwili ya seng'enge ya miiba juu yake.

Sasa kuna habari ya mnazi. Karatasi ya mauziano niliyotia sahihi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ilikuwa na sentensi moja inayosema kwamba mnazi ulioko pembe ya kaskazini hauuzwi. Pwani jambo hilo halimshangazi mtu, kwani ardhi inaweza kuwa yako na mti uliosimama juu yake ukabaki mali ya aliyeupanda, pamoja na nazi zake, makuti yake na ruhusa ya kuingia kuuangua. Mwenye mnazi huo ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye aliupanda mwaka aliojifungua mtoto wake wa kwanza, na tangu hapo amekuwa akiwahesabu pamoja. Akiulizwa ana watoto wangapi, ni vyema kuuliza tena kama idadi hiyo ni pamoja na mnazi.

Mnazi ulisimama juu ya mstari wa mpaka kabisa, mahali ambapo mwamba ulikuwa mgumu kuliko pengine pote, na fundi alipouona uso wake ulichangamka. "Mzee," akaniambia, "Mungu amekuwekea nguzo ya pembeni bure, tena mizizi yake imeshatoboa mwamba kabla yetu." Nilimwambia asubiri kwanza nikazungumze na mwenyewe, kisha nikaenda kazini. Niliporudi jioni, wavu ulikuwa umevutwa kwa nguvu kutoka pembe ya mbali, umepita nguzo zote, ukazungushwa kwenye shina la mnazi na kukazwa kwa misumari ya inchi nne. Lazima niseme ukweli kwamba ulipendeza. Nguzo zilikuwa zimenyooka, na ukiugusa wavu kwa kidole ulikuwa unalia.

Bibi alikuja kabla sijavua viatu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, ni nani aliyempigilia mwanangu misumari?" Akanieleza kwa subira, kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa bara, kwamba mwembe ukijeruhiwa huotesha gome jipya, lakini kidonda cha mnazi hakifungi, tundu la leo litakuwepo hadi siku mti utakapoanguka. Akaongeza kwamba chonga, wale mbawakawa wanaotoboa minazi, wakiuvamia mnazi wake mwaka huu, atajua wametumwa na nani. Mkwezi angefika Ijumaa kuangua, na kabla ya saa hiyo misumari yote iwe imetoka.

Ijumaa fundi hakupatikana kwa simu. Nilitoka msikitini na kanzu yangu nyeupe, nikamkuta bibi ameketi kwenye kigoda, mjukuu wake ameshika koleo, na mkwezi, aliyechoka kusubiri, amekwishaupita wavu na kufika kileleni. Nikamsihi kijana aende taratibu, nami nikaushika wavu kwa mikono miwili ili usiachie ghafla. Msumari wa kwanza ukatoka, na wa pili ukafuata. Ulipotoka wa mwisho ndipo nilipofahamu kwamba mnazi ule ndio uliokuwa umebeba uzio mzima, na kwamba katika kazi hiyo sasa nilikuwa nimebaki mimi peke yangu.

Wavu uliondoka, nami nikaondoka nao. Nguzo zilianza kulala kuelekea pembe ya mbali, moja baada ya nyingine, kila moja ikiinuka na kitako chake cha zege kikiwa kizima, na mkwezi, ambaye hakuna aliyekuwa na mahali pazuri pa kutazamia kumshinda, akaanza kuwatangazia waumini waliokuwa wakitoka msikitini: "Ya kwanza imelala! Ya pili inaaga! Ya tatu, subirini, ya tatu inasitasita... nayo imelala!" Watu walisimama kusikiliza. Mimi nilikuwa chini, kanzu imenaswa na seng'enge ya miiba sehemu ambazo mtu mzima hapendi kunasuliwa hadharani, na mbuzi wawili wakapita juu ya wavu karibu na kichwa changu, wakaelekea kwenye mchicha.

Fundi alifika alasiri. Alizunguka mara moja, akainama, akagonga nguzo kwa kidole, akasema kwa fahari kwamba hakuna hata moja iliyovunjika.

Bibi aliniangushia madafu mawili kwa huruma, kisha akayaingiza kwenye hesabu ya fidia ya matundu. Mkwezi alidai ujira wake kwangu, si kwa bibi, akisema kukwea ni kazi moja na kutangaza ni nyingine. Uzio uliopo sasa unaishia hatua moja kabla ya mnazi, mashimo yake yamechimbwa na fundi mwingine, na penye pengo kuna kilango ambacho bibi na mkwezi hukitumia. Mbuzi nao hukitumia, kwa sababu komeo lake lilifungwa na fundi yule wa kwanza, aliyeomba apewe angalau kazi hiyo ndogo.