Miaka 12, Kilatini na Namba ya Simu

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kisauni na Likoni, hapa Mombasa. Bwana mmoja mwenye sauti nzito, jina hajitaji, anawapa watu bishara njema: ukikaa kwenye shamba la mtu miaka 12, shamba ni lako, sheria imesema, usimlipe tena mtu kodi ya ardhi. Halafu anamaliza kwa kuomba wengine wapelekewe. Basi wamepelekewa. Mama mmoja wa makamo alikuja afisini kwetu amekwisha kuacha kulipa, anataka tumwandikie “karatasi ya miaka 12” akamwonyeshe mwenye shamba. Mwenye shamba naye kashampa notisi ya kuhama.

Mimi ni karani wa wakili, si wakili. Kazi yangu ni kupeleka hati, kupigana na mfumo wa kufungua kesi mtandaoni unapokwama, na kuwakalisha watu kitini wakisubiri mkubwa. Kwa hivyo hao watu nawasikia kabla yeye hajawasikia. Na wallahi, huyo bwana wa sauti sina ugomvi naye sana. Yeye angalau kasema na watu kwa lugha yao. Ugomvi wangu ni na mawakili wenye blogu.

Tafuta mwenyewe habari za kudai ardhi kwa kuikalia. Utakuta makala chungu nzima za mawakili wa Kenya, nyingine nzuri kweli. Nilizozipata mimi zote ni Kiingereza, tena Kiingereza cha suti na tai. Inaanza *nec vi, nec clam, nec precario*, yaani bila nguvu, bila kificho, bila ruhusa. Inafuata aya nzima iliyonakiliwa kutoka kwenye hukumu. Mwisho, kwa herufi nene, namba ya simu ya afisi. Anasomewa nani? Wakili mwenzake, ambaye hiyo Kilatini aliimeza chuoni. Huko ni kuwagawia maji waliokwisha kukaa kisimani.

Na hii ni mada ambayo Mombasa ingefaa kuandikiwa kabla ya mji wowote. Hapa ndipo mtu anajenga nyumba yake mwenyewe, kwa jasho lake, juu ya ardhi ya mwingine, akawa analipa kidogo kidogo kila mwezi, na babake alilipa kabla yake. Sasa sikiliza, maana ndilo jambo lenyewe. Miaka 12 ipo kweli, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Lakini lazima uwe umekaa bila ruhusa ya mwenye ardhi, waziwazi, bila kukatiza. Ukilipa kodi ya ardhi, umekaa kwa ruhusa yake! Zile risiti unazozihifadhi kwenye mkoba wa bibi ukidhani ndizo ngao yako, ndizo wakili wa upande wa pili atakazoziomba kwanza. Unaweza kulipa miaka 40 na usifike hata mwaka mmoja wa hiyo 12.

Wala ardhi haigeuki kuwa yako yenyewe tu usiku wa mwaka wa 12. Kifungu cha 38 kinataka uende mahakamani, na siku hizi ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, uthibitishe, ndipo uandikishwe. Ardhi ya serikali nayo haimo kabisa, kifungu cha 41 kimeitoa. Upande wa pili, kama kweli umekaa bila ruhusa, mwenye shamba akimuuzia mtu mwingine, hesabu yako haianzi upya kwa sababu ya mauzo hayo tu. Na kanuni yenyewe haivunji Katiba: Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo Malindi, hapo jirani, mwaka 2015. Nani kamwambia mtu wa Mtopanga haya? Mimi nimeyaandika kwa aya mbili, na sikusomea uanasheria.

Haya, nitoe haki. Kenya Law, ile tovuti ya sheria na hukumu za nchi, imefanya kazi kubwa. Hukumu, sheria na Gazeti Rasmi, vyote bure, mtu yeyote mwenye bando anafungua. Wazee wa afisini husimulia enzi za kutafuta kesi kwenye majuzuu yaliyoliwa na mende, na kama afisi yenu haina juzuu hilo, mnakwenda kuomba kwa jirani. Lakini bure si sawasawa na kufikiwa. Katiba yetu, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza. Sawa, jaji amefungwa mikono. Wewe mwenye blogu umefungwa na nani? Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Najua bado hukumu nyingi huko ni Kiingereza, usinikimbilie na hilo.

Wala usiniambie akili mnemba itawatafsiria. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Kama wao waliingia mkenge, sembuse mpangaji wa Bombolulu.

Kinachobaki ni ile hoja inayosemwa kwa sauti ya chini: ukimweleza mteja kila kitu bure, atakulipa nini? Nilimjibu mkubwa wangu hivi. Mteja aliyekwisha kusoma haji kuuliza kama sheria ipo. Anakuja na nakala ya rejista kutoka afisi ya ardhi, ana majina ya majirani watakaotoa ushahidi, anajua kama alilipa kodi au hakulipa, na swali lake ni bei. Nusu saa tumemaliza. Mkubwa alitikisa kichwa, akasema ni wazo zuri, atalifikiria. Kwanza amalizie makala yake, imebaki Kilatini kidogo tu.