Karanga za papa mukwe

Siku nilipoenda Nguba, mtaa wa Bukavu, kuongelea mali ya kumuoa mchumba wangu, papa yake hakutaja ng'ombe hata mmoja. Alinyoosha mkono kwenye rafu akatoa L'Alchimiste ya Paulo Coelho, buku iliyotoka 1988 na ambayo watu wanaiapia. Ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa. Kila ukurasa ameupigia mistari kwa biki nyekundu.

“Soma, mukwe. Halafu tutaongea.”

Nikasoma. Kijana ana kondoo 60, anaota hazina, anauza mifugo. Hapo tu mimi, mtu wa kabila la Bashi, kichwa kikaniuma: kwetu anayeuza mifugo kwa sababu ya ndoto anaitishiwa kikao cha ukoo. Anavuka bahari, anaibiwa pesa zote Tangier, anakatiza Sahara huku akisemeshana na upepo. Nilisinzia palepale jangwani. Nikachungulia mwisho: kwenye piramidi anapigwa, kumbe hazina iko Uhispania, katika kanisa bovu alimolala mwanzoni mwa buku! Angechimba usiku uleule tungelala mapema sote.

Nikateremka nayo kwapani hadi kwa mama wa karanga, pale kona karibu na kwao mchumba. Nikaibwaga kwenye benchi yake: “Mama, hii buku haina kazi.” Simu ikalia, nikaondoka nikiongea.

Jumapili niko sebuleni, nimevaa koti la kuazima.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Papa. Mwisho umenitoa machozi.”

Akafurahi, akamtuma mtoto karanga. Vikaja vikaratasi sita vimesokotwa kama pembe. Papa akamwaga karanga kiganjani, akapuliza maganda, kisha mkono ukasimama hewani. Akatafuta miwani. Akakikunjua kikaratasi juu ya goti, akakinyoosha kwa kidole gumba. Mafuta ya karanga yalikuwa yamelowesha mistari myekundu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alimtuma mtoto tena, kwa pesa yangu, na tena, mpaka mama akapanda mwenyewe na beseni lake lote. Tulitafuna karanga hadi jioni, mimi nimepiga magoti kwenye zulia napanga kurasa, mama mukwe mlangoni anachekea ndani ya kitenge.

Ilikosekana karatasi moja tu, ile ya mwisho.

“Hiyo nilimfungia mteja asubuhi,” mama akasema. “Alikuwa anakimbilia boti ya Goma.”

Papa akavua miwani, akanitazama.

“Basi, mukwe, uifuate.”