Marathon ni jina la mahali, sio kila mbio ni marathon

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani limeingia tangazo, njooni marathon jumapili, kilomita 5. Mi nitaenda, kukimbia ni afya, ila jamani kilomita 5 sio marathon, na hili neno nalipenda mno, siwezi kuliacha lipite hivihivi.

Marathon ni mahali, pako Ugiriki mpaka leo, tambarare moja kando ya bahari upande wa Athens. Na jina lenyewe limetoka kwenye shamari, ule mmea wenye majani membamba kama nywele ambao mbegu zake watu wanatafuna wakishakula. Yaani ni kama sisi tunavyosema Mbuyuni au Miembeni, wao wakasema penye shamari, basi.

Hapo ndo Waathene waliwapiga Waajemi mwaka 490 KK. Stori tuliyoizoea ni ya tarishi aliyekimbia mpaka Athens akasema tumeshinda, akaanguka akafa, lakini Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale aliyeishi karibu zaidi na hiyo vita, wala haisemi, yeye anamtaja Pheidippides aliyetumwa Sparta, mji mwingine wa Ugiriki, kuomba msaada kabla ya vita, na huko ni zaidi ya kilomita 200! Hiyo ya kufa wameileta waandishi kina Plutarch na Lucian miaka mia kadhaa baadaye.

Kuitwa jina la mbio ni 1896, Mfaransa Michel Bréal alipendekeza iwepo kwenye Olimpiki ya Athens, Spyridon Louis akashinda, mwenyeji kabisa. Zilikuwa kama kilomita 40, hizi 42.195 zimetoka London 1908 zikaja kuwa rasmi 1921.

Mimi nikisikia marathon namwona John Stephen Akhwari wetu wa Tanzania, Olimpiki ya Mexico 1968, ameanguka njiani, goti limefungwa bendeji, anachechemea anaingia uwanjani giza limeshaingia, Mamo Wolde wa Ethiopia ameshamaliza saa nzima na zaidi iliyopita, watu wengi wameshaondoka, na yeye akamaliza. Yule alikimbia zote 42 na mguu ule, sasa na mimi wa kilomita 5 tuitwe jina moja? Hapana.

Nimeshawaandikia waandaaji pale grupuni waweke tu "mbio za kilomita 5", wamesema tisheti bado hazijachapwa.