Uhamisho wa Alaska

Haya, nimekwenda. Mpwa wangu alikuwa hanipi raha: "Mjomba, Tom Cruise karuka tena. Mjomba, hii ndiyo ya mwisho." Nikasema twende basi tukamwone, tumalizane naye. Filamu yenyewe ni Mission: Impossible – The Final Reckoning, ya 2025, dakika 169. Ongeza foleni ya feri ya Likoni, hapa Mombasa. Ongeza matatu iliyoganda Buxton, kondakta anaita watu wa Nyali na gari limejaa hadi mlangoni. Bei ya bisi sitaitaja, humu muna watu wa presha.

Ukumbi wenyewe baridi! Eisii ile ni ya kuhifadhia samaki, wallahi. Mie na shati langu la mikono mifupi natetemeka, na kule kwenye skrini steringi yuko chini ya bahari ya Bering, ndani ya nyambizi ya Kirusi iliyozama, kavua vazi la kuzamia, kabaki na chupi, anapanda juu kwenye barafu. Mtu kazaliwa 1962! Wenzake wa rika hilo hapa mtaani ukiwaletea maji ya kuoga hayakupata moto, unasemwa wiki nzima.

Kisa ni hiki: kuna programu ya kompyuta imeota akili, inateka silaha za nyuklia za dunia, nchi baada ya nchi. Sawa. Ingejaribu huku kwetu jioni, stima ipotee, tuone ingeteka nini. Safu ya nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja wa buibui, yeye hana habari na programu. Kazi yake kumchunga Tom. "Nyuma yako, mwanangu! Yuko nyuma!" Kila akipiga kelele, bisi zake zinaniangukia begani. Sikulalamika, nilizila.

Sasa, kilichonikera mie si kuruka. Ni huyu Donloe.

Mnamkumbuka? Filamu ya kwanza kabisa, 1996, steringi kaning'inia kwa kamba kutoka darini, ndani ya chumba cha siri cha CIA. Watu wote wakatazama ile kamba. Hakuna aliyemuuliza karani wa chumba kile, ndiye huyo Donloe. Mtu yuko kazini, kaamka asubuhi, kavaa vizuri, kanywa kahawa yake. Kumbe kahawa imetiwa kitu. Tumbo likamvuruga, akakimbilia chooni kutapika, huku nyuma wanaiba. Bosi hakuuliza unaumwa nini, kaagiza apelekwe Alaska akalinde rada. Siku hiyohiyo!

Mie karani wa godauni, Shimanzi. Uhamisho naujua. Mzigo ukipotea, hapotei meneja. Atatafutwa aliyekuwa na kalamu, na wiki ijayo yuko mpakani anahesabu malori, wanawe wako Changamwe. Kwa hivyo Donloe alipotokea tena humu, mzee, mvi, bado yuko huko kwenye theluji miaka yote hiyo, nikakaa sawa kwenye kiti. Nikasema leo ndiyo leo, leo Tom atasikia maneno.

Ati kamshukuru!

Kasema uhamisho ule ndio uliompatia mke. Kisu walichokiangusha wezi siku ile kakitunza, kamrudishia Tom. Na nyumba yake maadui waliivamia, ikateketea. Yeye huyoo, kafuatana na kina Tom hadi Afrika Kusini kutegua bomu. Hakuulizia fidia. Hakuulizia hata marupurupu ya mazingira magumu. Nikamwambia mpwa wangu, huyu bwana hakuwa na chama cha wafanyakazi. Akaniambia nyamaza, Mjomba, ndege zinaanza.

Zikaanza. Zile ndege kuukuu za mabawa mawilimawili, Tom kashika bawa, mashavu yanapepea, adui anamcheka. Niseme haki: hapo hata mie niliacha kutafuna. Na mpwa wangu kaniongezea kuwa jamaa karuka na parashuti inayowaka moto mara 16, kaingizwa kitabu cha rekodi cha Guinness. Mara 15 za mwanzo hakuridhika?

Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote, mpaka kisu. Akanisikiliza huku achambua mchicha.

"Na mkewe je, huyo Tom?"

"Alikuwa naye, filamu za nyuma. Waliachana, akaolewa na daktari."

"Na yule wa Alaska?"

"Yuko na mkewe mpaka mwisho."

"Sasa wewe," akasema, "wamlilia nani?"