Vazi moja la taifa halitutoshi

Kila baada ya miaka kadhaa mjadala wa vazi la taifa hufufuliwa, kamati huundwa, michoro huonyeshwa, kisha jambo lenyewe hupoa. Wengi huwalaumu wabunifu, lakini mimi naamini kasoro imo katika lengo lenyewe. Nchi yenye joto la unyevunyevu la Tanga na Unguja, na papo hapo yenye uwanda wa Kitulo ambako katikati ya mwaka umande huganda juu ya majani, haiwezi kuvishwa nguo moja bila kumwonea mtu.

Sisi wakazi wa Dodoma tunaliona jambo hili kwa karibu, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 na kuleta watumishi waliotoka pande zote. Asubuhi za Julai, upepo unapovuma na vumbi lake, aliyezoea Dar es Salaam hujikunyata ndani ya shati la mikono mifupi, ilhali mwenzake wa Njombe ametulia ndani ya koti alilokuja nalo. Mama anayeuza mbogamboga kando ya barabara amevaa sweta, amejifunga kitenge kiunoni na kujitanda kanga mabegani, na hakuna anayemshangaa.

Mgolole, yaani shuka linalofungwa begani, unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mchungaji wa Kigogo huupitisha chini ya kwapa la kulia na kuupiga fundo juu ya bega la kushoto, hivyo mkono wa fimbo hubaki huru. Jua likiwaka huulegeza, na usiku akilala karibu na ng'ombe, nguo ileile humfunika kama blanketi. Vazi linalofanya kazi zote hizo katika nchi kame limefikiriwa kwa akili nyingi, na huniuma kusikia likiitwa ushamba.

Wala tofauti hizi hazifuati hali ya hewa peke yake. Ukisafiri kilomita zipatazo 150 kwenda kaskazini, utafika Kondoa, mkoani humuhumu, kwa Warangi, ambako siku ya Ijumaa kanzu, kofia na mitandio ni vya kawaida kama ilivyo pwani. Uislamu na biashara ya misafara viliacha alama hapo, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo anayegawa nchi kati ya watu wa pwani na watu wa bara, akadhani amemaliza habari ya mavazi, bado hajaitazama hata Dodoma yenyewe.

Tumewahi kujaribu kuwavika watu kwa amri. Mwaka 1968 kulikuwa na kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka na ngeu, yaani udongo mwekundu wa kujipaka, wavae suruali, kwa hoja kwamba mavazi yao yanaliaibisha taifa linaloendelea. Leo shuka hilohilo linapamba picha za kuitangaza nchi kwa watalii. Ningependa wote wanaotamani kutuchagulia vazi moja wautafakari mgeuko huo kwa muda mrefu.

Ofisi ni suala jingine, na ninakubali kwamba mtumishi wa umma anapaswa kuvaa kwa heshima. Lakini heshima hiyo kwa kawaida tumeipima kwa suti, tai na, kwa upande wa wanaume, kaunda suti, kana kwamba mgolole safi uliofungwa vizuri juu ya shati, au kitenge cha Kigoma kilichoshonwa na fundi hodari, vinapunguza hadhi ya aliyevaa.

Ikiundwa kamati nyingine, naiomba iwe na mafundi cherehani na wazee wa mikoani, na ianzie vijijini, Chamwino, Kondoa na Makete, ikiwauliza watu wanavaa nini wanapofunga ndoa, wanapozika na wanapokwenda shambani, na kwa nini. Kisha itangaze kwamba mavazi hayo yote yanaruhusiwa ofisini, bungeni na katika sherehe za taifa.