Mlezi wa vijana naye asomee kazi yake

Kwetu Tanzania mlezi wa vijana hupatikana baada ya misa ya pili. Paroko anauliza nani anafaa, mtu anataja jina, makofi yanapigwa, na Jumapili inayofuata mlezi mpya anakabidhiwa kaunta buku la mahudhurio, muhuri na funguo za kabati la sare. Basi. Siku binti wa kidato cha tatu atakapombana nyuma ya ukumbi na kumwambia nyumbani hakukaliki, atajua mwenyewe la kufanya.

Huku Indiana ninakoishi, nchini Marekani, kazi hiyo hiyo watu wanaisomea. Parokia inatangaza nafasi ya mratibu wa utume wa vijana kama shule inavyotangaza nafasi ya mwalimu. Wanataka mtu mwenye shahada ya teolojia au ya utume wa vijana, au angalau cheti cha jimbo Katoliki, na wanamlipa mshahara. Mimi nimepitia njia ya cheti, mwishoni mwa wiki, huku nikiendelea na kibarua changu cha kila siku, na tangu hapo najiuliza kwa nini nyumbani tunaona jambo hili ni anasa ya wenye dola.

Maaskofu wa Marekani walitoa mwongozo wa utume wa vijana mwaka 1997, wakaugawa utume huo katika nyanja nane. Katekesi na sala zimo, kama unavyotarajia, lakini yamo pia haki na huduma kwa jamii, kulea viongozi, kuwasemea vijana pale wasipopewa nafasi, na uchungaji wa kijana aliyeumia. Mwaka 2005 wakaandika tena, safari hii kuhusu walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wanaofanya kazi ya Kanisa, wakasema malezi yao yawe na pande nne: utu, roho, akili na uchungaji. Aliyepitia seminari ameshatabasamu hapo, maana ndizo pande nne za malezi ya mapadre alizozitaja Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Ujasiri wa Wamarekani ulikuwa kumwambia mlei anayekabidhiwa watoto wa watu kwamba naye zinamhusu.

Masomo mengine ni ya kawaida, na mengine, niseme ukweli, yanachosha. Kuna somo moja ambalo ningelibeba nije nalo hata kesho. Mwanafunzi anaandika kutoka kichwani mazungumzo aliyofanya na kijana, mstari kwa mstari, kijana alisema hivi, mimi nikajibu vile. Jina la kijana linafichwa. Kisha anayasoma mbele ya wenzake. Mwenzetu mmoja alileta mazungumzo na mvulana aliyekuwa ameacha kuja kanisani. Mstari wa tatu mvulana anasema hajisikii kuja "tangu babu afariki". Mstari wa nne mlezi anaanza kumweleza umuhimu wa misa ya Jumapili, na maelezo yanakwenda hadi chini ya ukurasa. Mkufunzi alimwacha amalize, halafu akamwambia tu, "Rudi mstari wa tatu." Darasa zima lilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa anautafuta mstari wake wa tatu.

Walezi wetu wengi ni wazuri wa mahubiri. Kijana akifungua mdomo, tunampa semina. Sinodi ya Maaskofu kuhusu vijana, mwaka 2018, ilikiri kwamba Kanisa lina uhaba wa watu walioandaliwa kuwasindikiza vijana, na uhaba huo hauzibiki kwa kumchagua mwenye sauti nzuri kwenye kwaya.

La pili ni ulinzi wa watoto. Tangu maaskofu wa huku walipopitisha mkataba wao kule Dallas mwaka 2002, baada ya kashfa za mapadre kunyanyasa watoto kingono zilizowaaibisha, hugusi kikundi cha vijana kabla ya kuchunguzwa rekodi za jinai na kupitia mafunzo. Watu wazima wawe wawili kila mara. Mlango wa chumba cha mazungumzo uwe na kioo. Ujumbe wa simu wa faragha kwa mtoto ni marufuku. Nikiwasimulia wenzangu nyumbani wanasema hiyo ni kutoaminiana, sisi tunafahamiana. Hao Wamarekani nao walikuwa wanafahamiana na watu wao.

Sasa msidhani huku ni peponi. Vijana wenyewe ni wachache! Wengi wanaonekana hadi siku ya kipaimara, wakishapakwa mafuta wanaaga. Novemba 2025 uwanja wa Indianapolis ulijaa vijana Wakatoliki kutoka nchi nzima, Papa Leo wa Kumi na Nne akaongea nao kwa njia ya video, na ilipendeza sana. Lakini ukirudi kwenye parokia siku ya kawaida unakuta mratibu, pizza na vijana wa kuhesabu. Wazazi wengi wanaona akishaajiriwa mtu wa vijana, wao wamemaliza. Na mratibu akipata kazi yenye mshahara mnono zaidi, kikundi kinakufa siku anayofungasha vitu vyake ofisini.

Hapo nyumbani tumewazidi mbali. VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, wana mwenyekiti wao, katibu wao na mhazini wao, wote vijana. Mbinu ya kuona, kuamua na kutenda, waliyoirithi kwa padre Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha vijana wafanyakazi, inamfanya kijana ajadili mambo ya mtaani kwake badala ya kusubiri mratibu aje na ratiba. Jumuiya ndogondogo zinamjua kijana kwa jina, zinajua na amelala wapi jana. Papa Fransisko aliandika mwaka 2019 kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wa vijana, na mimi nilipoisoma niliwakumbuka VIWAWA kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo sitaki tuige ajira ya mratibu kama ilivyo. Mafunzo ndiyo ninayoyataka, tena kwa walezi wale wale tunaowapigia makofi. Na tusijifiche nyuma ya neno kujitolea. Kanuni ya 231 ya Sheria za Kanisa inamtaka mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa apate malezi yanayofaa, na inampa haki ya ujira wa heshima. Tumekuwa tukisoma kipengele cha wajibu na kuruka cha haki. Mlezi wa vijana anatoa nauli yake mfukoni kwenda kwenye mikutano ya dekania, yaani kundi la parokia jirani, na akiomba posho anaambiwa atalipwa mbinguni.

Najua jibu litakuwa fedha. Ila darasa la mstari wa tatu linahitaji daftari, kalamu na mkufunzi anayejua kusikiliza, na watu hao tunao, kuanzia masista washauri wa shule hadi Wasalesiani wa Don Bosco, ambao kulea vijana ndiyo karama yao. Walezi wa dekania nzima wanaenea kwenye ukumbi mmoja wa parokia, Jumamosi moja kwa mwezi. Halmashauri ya walei ikianza kwa kuwalipia nauli na chakula cha mchana, kipengele cha haki kitakuwa kimeanza kusomwa.